Kwanza Mwenyewe, Kisha Bei: Mwongozo Kamili wa Kuhifadhi Mazingira kwa Haki za Umiliki na Soko

Kuna mali ambayo kila mtu anaivuna na hakuna anayeihudumia. Kwa Kiswahili tunaiita shamba la bibi. Ni mto unaochepushwa na aliye juu, msitu unaokatwa na mwenye msumeno, bahari inayovuliwa na aliyewahi kufika. Anayevuna huko mara nyingi si mtu mbaya. Anajua tu kwamba samaki mdogo atakayemwacha leo akue, kesho atakuwa kwenye wavu wa mwenzake.

Mwaka 1968 mwanabiolojia Mmarekani Garrett Hardin aliueleza mkasa huu kwa mfano wa malisho ya pamoja: kila mfugaji anaongeza ng'ombe mmoja kwa sababu faida ya ng'ombe huyo ni yake peke yake, ilhali hasara ya nyasi inagawanywa kwa wote. Aliona dawa mbili: malisho yagawiwe watu binafsi au yashikwe na serikali. Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikusanya kwa miongo kadhaa ushahidi kwamba ipo dawa ya tatu. Watumiaji wenyewe, wakiwa na haki inayotambuliwa na kanuni walizojitungia, huweza kuitunza mali yao kwa karne nyingi. Katika kijiji cha Törbel huko Uswisi, kanuni ya mwaka 1517 ilimkataza mwanakijiji kupeleka kwenye malisho ya mlimani ng'ombe wengi kuliko alioweza kuwalisha wakati wa baridi. Ni kanuni fupi, lakini inataja mwanachama, inaweka kikomo, na yeyote anaweza kuikagua kwa kuhesabu ng'ombe walioko zizini.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuitoa mali ya namna hiyo kwenye hali ya ushamba wa bibi: kiongozi wa kijiji, ofisa wa maliasili, mwanachama wa jumuiya ya watumia maji, au mtu wa shirika aliyepewa kazi ya kubuni mradi. Nimeupanga kwa mfuatano ninaouamini kwa dhati, kwa sababu naona wengi wakianzia mwisho. Wanamtafuta mnunuzi wa kaboni (anayelipa ili hewa ya ukaa ibaki imehifadhiwa msituni) au mwekezaji wa utalii kabla hawajajua nani ana haki ya kuuza. Hapa soko linaingia katika hatua ya sita. Ukiliruhusu liingie mapema, litamlipa aliye karibu na meza, na aliyekuwa akiitunza mali hiyo miaka yote atabaki mtazamaji.

Hatua ya 1: Taja kitu chenyewe

"Mazingira" hayana bei wala mwenyewe. Ni neno pana mno kuandikwa kwenye mkataba. Anza kwa kuandika sentensi moja inayotaja kitu unachotaka kibaki: kiasi cha maji kinachopita mtoni wakati wa kiangazi, usafi wa chemchemi, idadi ya samaki wa aina fulani katika ghuba fulani, miti ya asili katika eneo lenye mipaka, au mapito ya wanyama kati ya hifadhi mbili.

Kisha kijaribu kitu hicho kwa maswali mawili. Je, kinahesabika kwa gharama inayobebeka? Na je, mtu asiye na haki anaweza kweli kuzuiwa asikichukue? Msitu wenye mipaka ya asili, chaza waliokaa kwenye miamba yao, maji ya mfereji mmoja, vyote vinajibu maswali haya vizuri. Samaki wanaosafiri bahari kuu hujibu vibaya zaidi. Hewa haijibu kabisa, na ndiyo maana kwenye hewa hatugawi hewa yenyewe. Tunagawa ruhusa ya kuichafua, kwa kiasi chenye kikomo.

Yapo mambo ambayo jibu lake ni kuacha njia hii hapohapo. Sumu inayodhuru kwa kiasi kidogo isiwekewe soko, kwa sababu biashara ya vibali huruhusu uchafu ukusanyike mahali pamoja, na watu wa mahali hapo wataumia hata kama jumla ya nchi nzima imepungua. Hiyo inahitaji marufuku.

Hatua ya 2: Wajue wenye haki waliopo tayari

Hakuna eneo tupu. Hata pale ambapo ramani ya ofisini inaonyesha ardhi ya wazi, kuna mama anayeokota kuni, mfugaji anayepita na mifugo miezi miwili kwa mwaka, mganga anayechimba mizizi, mtu wa nyuki. Hao wana haki, iwe imeandikwa au haijaandikwa, na ukiwasahau sasa utakutana nao baadaye mahakamani au msituni usiku.

New Zealand ilijifunza hili kwa gharama. Mwaka 1986 ilianzisha mfumo wa mgawo wa uvuvi unaosifiwa hadi leo. Lakini serikali iliwagawia mgawo wavuvi wa kibiashara kwa kuangalia rekodi zao za mavuno, na Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ambao haki zao za uvuvi zilitambuliwa katika Mkataba wa Waitangi waliouingia na Waingereza mwaka 1840, wakaenda mahakamani mwaka uliofuata. Suluhu ya kudumu ilifikiwa mwaka 1992, na ndani yake Wamaori walipata nusu ya kampuni kubwa ya uvuvi pamoja na asilimia 20 ya mgawo wa kila aina mpya ya samaki itakayoingizwa kwenye mfumo. Kazi hiyo ingewezekana kufanywa kabla ya kugawa.

Unapochunguza, usiulize "nani mwenye ardhi hii?" ukaridhika na jina moja. Umiliki ni fungu la haki kadhaa, na kila moja inaweza kuwa mkononi mwa mtu tofauti: haki ya kuingia, haki ya kuvuna, haki ya kupanga namna ya kutumia, haki ya kumzuia mwingine, na haki ya kuuza au kukodisha. Chora jedwali. Upande mmoja weka makundi yote ya watumiaji, upande wa pili haki hizo tano, kisha jaza ukiwa umekaa nao. Tembea nao mpakani, na utembee mara mbili: wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, maana watumiaji wa kiangazi huwa hawapo kwenye mkutano wa masika.

Jedwali hilo litakuonyesha mahali miradi mingi inapovunjikia. Mpango wa CAMPFIRE wa Zimbabwe, ulioanza mwaka 1989, ulilenga kuwanufaisha wanavijiji wanaoishi na tembo na nyati. Lakini mamlaka ya kisheria juu ya wanyama yalikabidhiwa halmashauri za wilaya, na sehemu ya fedha za uwindaji ikawa inaishia huko kabla ya kumfikia mtu ambaye mahindi yake yameliwa. Namibia, kwa sheria ya mwaka 1996, ilikwenda hatua moja mbele: jamii ikiunda hifadhi yake yenye mipaka, wanachama waliosajiliwa, katiba na kamati, inapewa yenyewe haki ya kunufaika na wanyamapori na kuingia mikataba ya utalii. Leo hifadhi hizo za jamii ni zaidi ya 80. Tazama kwamba Namibia nayo haikuwapa umiliki wa ardhi yenyewe. Iliwapa haki chache kutoka kwenye fungu, na zile zilizokuwa muhimu kwa wanyama ziliwatosha kuanza.

Hatua ya 3: Weka kikomo kabla ya kugawa

Ukigawa kwanza kisha ukatafuta kikomo, umeshachelewa, kwa sababu kila uliyemgawia atapinga kupunguziwa. Kikomo ni jumla ya kinachoweza kuchukuliwa bila mali kupungua. Kama una wataalamu, watumie. Kama huna, tumia kumbukumbu za wazee pamoja na vipimo rahisi, na kosea kwa upande wa uchache. Ni rahisi kuongeza mwaka wa tatu kuliko kunyang'anya.

Soko la vibali vya kaboni la Umoja wa Ulaya lilifunguliwa mwaka 2005 likiwa na vibali vingi kuliko moshi wenyewe, na vibali vya awamu hiyo ya kwanza havikuruhusiwa kuhamishiwa awamu ya pili. Kufikia mwaka 2007 bei ya kibali ilikuwa imeshuka karibu na sifuri. Hakuna kiwanda kitakachobadilisha tanuri kwa ajili ya kibali cha bure.

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani hadi uuzaji uanze. Katika bonde la mito ya Murray na Darling huko Australia kulikuwa na leseni nyingi za maji zilizolala: wenyewe walikuwa nazo lakini hawakuwahi kuchota. Biashara ya maji ilipofunguliwa, leseni zile zikapata thamani, wenyewe wakaziuza kwa wakulima waliokuwa tayari kuchota kila tone, na matumizi ya kweli yakaongezeka kwa sababu ya soko lilelile lililotegemewa kuyapunguza. Kwa hiyo unapojumlisha haki zilizopo, jumlisha na zile zilizolala. Kama jumla inazidi kikomo, punguza zote kwa uwiano kabla hujaruhusu hata muamala mmoja.

Hatua ya 4: Iandike haki kwa maneno yasiyopindika

Haki nzuri ina majibu ya maswali haya: ni ya nani, ni ya kiasi gani, ni ya muda gani, inaweza kurithiwa, inaweza kuuzwa na kwa nani, inaweza kugawanywa, na inafutwa kwa kosa gani. Kila swali lisilojibiwa ni kesi ya baadaye.

Kuhusu kiasi, andika asilimia, usiandike kilo. Tunarudi New Zealand. Mwanzoni mgawo ulikuwa tani kamili, hivyo kila samaki walipopungua serikali ilitakiwa kuinunua tena haki hiyo kutoka kwa wavuvi. Mwaka 1990 wakabadilisha, mgawo ukawa sehemu ya jumla ya mavuno yanayoruhusiwa mwaka husika. Badiliko hilo dogo la maneno lilihamisha hatari yote. Samaki wakiongezeka, fungu la kila mmoja linakua, na wakipungua, linapungua, na mvuvi ana sababu yake binafsi ya kutaka wengi wabaki baharini.

Nataka tukae kidogo kwenye jambo hili, kwa sababu ndipo nguvu ya njia nzima ilipo. Kabla ya mwaka 1995, uvuvi wa halibuti, samaki bapa mkubwa wa bahari ya baridi, huko Alaska uliendeshwa kwa kufungua na kufunga msimu. Kwa kuwa hakukuwa na mwenye samaki hadi awe ndani ya mashua, kila mmoja alinunua chombo kikubwa zaidi na ndoano nyingi zaidi, na mamlaka ikajibu kwa kufupisha msimu. Ikafika mahali ambapo maeneo makuu yalifunguliwa kwa saa 24 tu, mara mbili au tatu kwa mwaka. Fikiria saa hizo. Dhoruba ikija siku hiyo, unatoka hivyohivyo, maana ukibaki bandarini umepoteza theluthi ya mwaka wako. Kamba zinanasana chini, huna muda wa kuzikwamua, unazikata na kuziacha zikiendelea kuua samaki sakafuni mwa bahari bila mtu. Mashua zote zinarudi pamoja, viwanda vinafurika, samaki anagandishwa na kuuzwa kwa bei ya haraka.

Mwaka 1995 kila mvuvi aliyestahili alipewa sehemu yake ya mavuno. Msimu ukapanuka hadi kama miezi minane. Aliye na sehemu yake hakuwa na sababu ya kukimbizana na dhoruba. Alitoka siku ya bahari tulivu na bei nzuri, akaleta samaki mbichi mmojammoja sokoni. Samaki ni walewale na wavuvi ni walewale, kilichobadilika ni maneno ya haki.

Ila sehemu ya pili ya habari hii lazima isemwe kwa sauti ileile. Mashua zilipungua, na mabaharia waliokuwa wakiajiriwa kwa msimu wakakosa kazi. Watu wa vijiji vidogo waliuza mgawo wao, na ukiuzwa haurudi. Kijana anayetaka kuanza leo lazima kwanza anunue haki ambayo kizazi cha kwanza kilipewa bure. Iceland, iliyoufanya mgawo uweze kuuzwa kwa upana kwa sheria ya mwaka 1990, imekuwa na ugomvi huohuo kwa miongo, ingawa sheria yenyewe inatamka kwamba samaki ni mali ya taifa zima.

Basi andika vizuizi tangu siku ya kwanza. Weka kiwango cha juu ambacho mtu au kampuni moja haitaruhusiwa kuvuka. Tenga fungu la jamii lisilouzwa nje. Amua mapema kama haki zitagawiwa kwa historia ya matumizi, kwa mnada, au kwa mchanganyiko. Mimi naegemea mchanganyiko: sehemu kubwa kwa waliokuwepo, na sehemu ndogo ya kukodishwa kwa wanaoanza, fedha yake ikilipia ulinzi. Kwa mali ya jamii kama msitu au malisho, haki ya kuuza moja kwa moja isitolewe kabisa. Kukodisha kwa muda maalumu kunatosha.

Halafu fungua rejista. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ni kweli neno kwa neno. Daftari moja, lenye nakala mahali tofauti, linaloweza kusomwa na yeyote, na kila uhamisho uingie humo au uwe batili.

Hatua ya 5: Ulinzi na upimaji

Haki isiyolindwa ni karatasi. Kabla ya kuendelea, andika bajeti ya doria, ya kupima na ya kusikiliza kesi, kisha ulinganishe na mapato unayoyatarajia. Kama ulinzi unagharimu zaidi ya mali inavyozalisha, rudi hatua ya kwanza ukachague kitu kidogo zaidi.

Mfano bora wa upimaji ninaoujua ni wa salfa dioksidi, gesi chafu inayotoka kwenye moshi wa makaa ya mawe, nchini Marekani. Sheria ya hewa safi ilirekebishwa mwaka 1990, na kuanzia mwaka 1995 mitambo ya kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe ililazimika kuwa na kibali kwa kila tani ya salfa dioksidi iliyotoa, vibali vikiwa na kikomo na vikiuzwa kati ya kampuni na kampuni. Lengo lilikuwa kufikia mwaka 2010 uchafu huo wa mitambo ya umeme ushuke hadi tani milioni 8.95, takriban nusu ya kiwango cha mwaka 1980. Mabomba ya moshi yaliwekewa vipimo vinavyofanya kazi mfululizo. Aliyezidisha alitozwa dola 2,000 kwa kila tani, kiasi kilichokuwa kikipanda pamoja na mfumuko wa bei, na juu yake akalazimika kufidia tani hizo mwaka uliofuata. Katika miaka ya 1990 kibali chenyewe kwa kawaida kiliuzwa kwa bei ya chini sana kuliko faini hiyo. Mkosaji hakuwa na hesabu ya kufanya, kutii kulikuwa rahisi kuliko kukaidi.

Kwa jamii ndogo adhabu hupangwa vingine. Ostrom aliona kwamba mifumo iliyodumu ilianza na adhabu ndogo na kupanda taratibu: kosa la kwanza onyo na aibu ya kutajwa kwenye mkutano, la pili faini, la tatu kusimamishwa. Aliona pia kwamba walinzi walikuwa watumiaji wenyewe au watu wanaowajibika kwao. Mlinzi anayelipwa na mtu wa mbali humwajibikia mtu wa mbali.

Hatua ya 6: Sasa chagua njia ya soko

Hapa una kitu kinachojulikana, mwenyewe, kikomo, hati na ulinzi. Njia ya kupata fedha itategemea nani ananufaika mali ikibaki salama.

Kama wanaonufaika ni wavunaji wenyewe, biashara ya mgawo inatosha. Kama anayenufaika ni mmoja mkubwa aliye upande wa chini wa mto, amlipe wa juu kwa mkataba wa moja kwa moja. Jiji la New York lilikabiliwa na gharama ya kujenga mtambo wa kuchuja maji iliyokadiriwa dola bilioni 6 hadi 8. Mwaka 1997 likaingia makubaliano na wakazi wa milima ya Catskill kulinda vyanzo vyenyewe: kununua ardhi kwa wanaotaka kuuza, kusaidia mashamba kudhibiti samadi, kurekebisha mashimo ya maji taka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ulikuwa umeshapigiwa hesabu.

Kama wanaonufaika ni wengi na wametawanyika, huenda ukahitaji kodi. Costa Rica inawalipa wenye misitu tangu mwaka 1997, na sehemu kubwa ya fedha ilitokana na kodi ya mafuta. Na kama unachotaka ni maji yabaki mtoni, unaweza kukodisha haki ya umwagiliaji ya mkulima kwa msimu mmoja, kama yalivyofanya mashirika ya maji ya jimbo la Oregon nchini Marekani baada ya sheria kukubali kwamba maji yaliyoachwa mtoni nayo ni matumizi halali. Kagua sheria ya kwenu kwenye jambo hilo. Katika sheria nyingi za maji asiyetumia hupoteza, na mkulima anayetaka kuhifadhi huadhibiwa.

Kwa wanyama wanaodhuru mifugo, tofautisha kulipa hasara na kulipa matokeo. Ukilipa fidia ya mnyama aliyeliwa, mfugaji hapati chochote kwa mnyamapori kuwa hai, na mnatumia muda wote mkibishana juu ya mifupa. Sweden, tangu mwaka 1996, inazilipa jumuiya za Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini wanaofuga kulungu wa nchi za baridi, kwa kila uzao wa wolverini uliothibitishwa katika eneo lao, bila kuuliza wamekula kulungu wangapi. Wolverini ni mnyama mla nyama mwenye nguvu, adui wa zamani wa mfugaji. Malipo yale yalimfanya kila mtoto wake aliye hai awe na thamani kwa mtu aliyekuwa na sababu zote za kumuua, na mfugaji akilinda kulungu wake vizuri, malipo hayapungui.

Hatua ya 7: Kaa na muuzaji mpaka ujue anachohitaji

Hatua hii haimo katika miongozo mingi, nami naiona ndiyo ngumu kuliko zote. Mfano wake ni chemchemi ya Vittel, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, ambayo maji yake yalikuwa yakiuzwa kwa chupa na kampuni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 naitreti, kemikali inayotokana na mbolea na samadi, ilianza kuongezeka kwenye maji yake, ikitoka kwenye mashamba ya mahindi ya kulishia mifugo na kwenye samadi ya ng'ombe wa maziwa. Sheria ya Ufaransa hairuhusu maji asilia ya madini kusafishwa naitreti halafu yaendelee kuuzwa kwa jina hilo. Kampuni haikuwa na njia ya kuchuja. Wakulima nao hawakuwa wakivunja sheria yoyote, walikuwa wakilima kwenye ardhi yao.

Ungeweza kudhani lililobaki ni kutaja bei kwa hekta. Kampuni ilianza kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, na watafiti wakatumia miaka kadhaa kuchunguza mashamba hayo moja moja: mkulima huyu ana deni gani, nani atamrithi, ana vibarua wangapi, banda lake linabeba nini. Wakagundua kwamba hofu kubwa ya wakulima ilikuwa madeni ya ardhi na uhaba wa ardhi yenyewe kwa wanaoanza. Basi kampuni ikanunua ardhi na kuwapa waitumie bila kulipa, ikafuta madeni yaliyotokana na ununuzi wa ardhi, ikagharamia mabanda na vifaa vipya, ikaleta watu wa kusambaza mboji shambani bila malipo, na ikalipa takriban euro 200 kwa hekta kwa mwaka katika kipindi cha mpito. Mkulima kwa upande wake aliacha mahindi na dawa za viwandani, akageuza samadi kuwa mboji, na hakuzidisha ng'ombe mmoja kwa hekta. Mikataba ilikuwa ya miaka 18 au 30. Kufikia mwaka 2004 mashamba yote 26 ya eneo hilo yalikuwa yameingia.

Chukua swali lao ukaulize kwenu: ni nini kinamlazimisha mtu huyu kufanya anachofanya? Kama ni deni, zungumzia deni. Kama ni ada ya shule inayodaiwa Januari, malipo yanayokuja Agosti hayatauokoa mti.

Hatua ya 8: Mkataba

Andika hali ya kuanzia kabla ya malipo ya kwanza, kwa picha, ramani na vipimo vilivyotiwa saini na pande zote. Bila hiyo hutajua umenunua nini. Miaka ya mwanzo ya mpango wa Costa Rica ilikosolewa kwa sababu sehemu ya misitu iliyolipiwa isingekatwa hata bila malipo. Elekeza fedha kwanza pale panapotishiwa kweli, ila usimnyime kabisa aliyekuwa akitunza siku zote, la sivyo utakuwa umewafundisha majirani kwamba ni lazima utishie kukata ndipo ulipwe.

Weka kifungu cha uharibifu unaohama: shoka likitoka msitu huu likaenda msitu wa jirani, hujahifadhi. Kwenye kaboni, weka akiba ya krediti (vyeti vya kaboni iliyohifadhiwa) zisizouzwa kwa ajili ya moto na ukame. Soma sana muda. Mkataba wa miaka 40 unawafunga watoto ambao hawajazaliwa, na jamii iusaini baada tu ya kusomewa wote kwa lugha yao, ikiwa na mwanasheria wake yenyewe asiyelipwa na mnunuzi kwa masharti, na ikiwa na uhuru wa kusema hapana na kuondoka mezani. Bei ya krediti iandikwe pamoja na mgawanyo: nani anachukua asilimia ngapi kati ya mnunuzi wa mwisho na mwenye msitu. Dalali anayekataa kuonyesha bei ya mwisho, mwacheni.

Malipo yagawanywe: kidogo mwanzoni kwa ajili ya gharama, na sehemu kubwa baada ya kupima. Fedha za jamii zibandikwe ubaoni kila zinapoingia na zinapotoka, kwa herufi kubwa. Kama mtachanganya fedha za kaya na za miradi ya pamoja, mkutano mkuu ndio uamue uwiano, kamati isijiamulie.

Hatua ya 9: Tarehe ya kurudi

Kabla ya kutia saini, panga siku ya kuufungua tena mkataba, mwaka wa tatu au wa tano. Siku hiyo mlete vitu vitatu: vipimo vipya vikiwa pembeni ya vile vya kuanzia, rejista yote ya uhamisho wa haki, na lile jedwali la hatua ya pili. Lijazeni upya na watu walewale, wakiwemo wa kiangazi. Kama jina la mama wa kuni au mfugaji wa miezi miwili limetoweka kwenye safu yake na hakuna muamala kwenye rejista unaoeleza kwa nini, simamisheni malipo hadi aitwe na asikilizwe.

Na muandike tangu sasa nini kitatokea fedha zikikoma. Mnunuzi hufilisika, shirika hufunga mradi, bei ya kaboni huanguka. Kifungu kiseme kwamba haki inabaki kwa mwenyewe, rejista inabaki kwake, na vifaa vya doria vinabaki kwake. Kisha ulizaneni, siku ya kusaini na siku ya kurudi, ni kazi zipi za ulinzi mnaweza kuziendesha kwa mapato yenu wenyewe, na mzianze hizo mapema wakati fedha ya nje bado ipo.